Megahezi hazihesabu amri
Mazungumzo ya kompyuta za zamani yakishapamba moto, hakosi mtu wa kudai kuwa prosesa ya megahezi 4 hutekeleza amri milioni 4 kwa sekunde. Sivyo. Megahezi huhesabu mapigo ya saa inayoiendesha prosesa: megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Amri moja huchukua mapigo kadhaa, maana lazima ichotwe kwenye kumbukumbu, itambuliwe, kisha ifanywe.

Dai hilo huzionea zaidi prosesa mbili, 6502 na Z80. Ya kwanza, iliyotoka 1975, ilikuwa ndani ya kompyuta ya Apple II ikienda kwa megahezi 1.02. Ya pili, ya 1976, iliendesha kompyuta ya ZX Spectrum ya Uingereza kuanzia 1982, kwa megahezi 3.5. Watu wakiona namba hizo humaliza kesi papo hapo: Spectrum ina kasi zaidi ya mara tatu.

Haya, tuzipe kazi moja: kusoma baiti kwenye anwani fulani ya kumbukumbu na kuiweka katika rejista A, yaani kihifadhi kidogo kilicho ndani ya prosesa yenyewe. 6502 hutumia mapigo 4: moja la kuchota amri, mawili ya kusoma nusu mbili za anwani, na la mwisho la kuleta baiti yenyewe. Z80 hupita hatua hizohizo nne, ila ya kwanza hula mapigo 4 na kila moja ya zilizobaki hula 3. Jumla 13. Ukigawanya mapigo kwa megahezi, 6502 imetumia mikrosekunde 3.9, Z80 3.7. Tofauti ya mara tatu haionekani.

Wala Z80 haikuundwa ovyo. Ina rejista nyingi kuliko mwenzake, na ina amri ya LDIR ambayo peke yake huhamisha rundo zima la baiti, kwa mapigo 21 kila baiti, isipokuwa ya mwisho yenye 16. Kwenye 6502 kazi hiyo huandikiwa kitanzi, yaani amri kadhaa zinazorudiwa kwa kila baiti. Kwa hiyo hata ukiijua idadi ya amri kwa sekunde, bado hujajua ni kazi kiasi gani imefanyika.

Anayetaka kulinganisha mashine hizi azitaje megahezi, hakuna ubaya, lakini ataje na mapigo ya amri anazozitumia. Yameandikwa kwenye mwongozo wa kila prosesa, mbele ya kila amri.