Muziki wa Halloween usio na maneno: acheni mayowe, tafuteni kinanda kikuukuu

Oktoba ikiingia, watu wanaojua kwamba kazi yangu ni kupanga muziki na kuchanganya sauti huniletea ombi lile lile: niwaandalie muziki wa jioni ya Halloween, tarehe 31, watoto waliovaa mavazi ya kuigiza wanapopita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende; muziki usio na maneno, wa kuwarudisha utotoni. Wengi ni Waswahili wenzangu waliokulia hapa Marekani. Walizunguka mitaani na mifuko ya peremende wakiwa wadogo, leo wanawavalisha watoto wao. Wakijitafutia wenyewe huangukia rekodi za mayowe na milango inayokwaruza. Zile hushtua dakika mbili, kisha sikio linachoka. Anayetaka kukumbuka hahitaji kushtuliwa. Anahitaji muziki mtamu wenye jambo dogo lisilokaa sawa.

Mimi huanza na Great Pumpkin Waltz ya mpiga piano Vince Guaraldi, kutoka katuni ya Charlie Brown iliyorushwa na CBS kwa mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 1966. Mapigo ni matatu, mwendo wa polepole, na kodi za piano, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ni za mtindo wa jazi: juu ya noti tatu za kawaida anaongeza ya nne, kwa hiyo kodi haiwi ya furaha kamili wala ya huzuni kamili. Hakuna hata chembe ya kutisha humo, na bado hakuna kipande kinachonipa Oktoba ya Marekani kama hicho.

Baada ya hapo ndipo naleta Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978. Filamu aliiongoza mwenyewe na muziki akautunga mwenyewe. Watu hudhani kinachowakosesha raha ni sauti ya piano, kumbe ni hesabu. Mzunguko una mapigo matano, ambayo ukiyagawa nusu nusu unapata noti kumi. Zipigie meza hivi: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili, moja mbili. Sisi tuliozoea ngoma tunaijua tatu-tatu-mbili tangu tumboni. Mguu unaifuata wenyewe. Carpenter ameongeza mbili nyingine mkiani, na hapo mguu unapojiandaa kurudi mwanzo unakuta bado. Kila mzunguko unakukwaza palepale. Carpenter mwenyewe ameeleza kwamba mapigo hayo matano alifundishwa na baba yake, mwalimu wa muziki, kwenye ngoma za bongo. Nampenda kwa hilo: kitisho kizima kimejengwa kwa zoezi la mtoto nyumbani.

Chini ya piano hiyo kuna sinthesaiza, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, na hapa ndipo harufu ya zamani inapotoka. Mashine za wakati ule zilipotoa noti moja kwa vyanzo viwili vya sauti, viwili hivyo havikulingana sawasawa. Kimoja kikiwa na mitetemo 440 kwa sekunde na kingine 442, unasikia sauti ikivimba na kunywea mara mbili kila sekunde. Kanda za kurekodia nazo zilikuwa na lao: mota ikiyumba kidogo, noti inapanda na kushuka. Mellotron, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1960, ilikuwa kinanda ambacho kila kibonyezo kilivuta kipande cha kanda chenye sauti ya fidla au filimbi iliyorekodiwa, na baada ya sekunde kama nane kanda ilikwisha. Mpigaji alilazimika kuachia. Ndiyo maana muziki wake unasikika kama unapumua. Programu za leo zinaweza kuiga kuyumba huko, ila usizidishe. Kuyumba kukiwa kukubwa masikio yanagundua kwamba ni mchezo.

Kwa wapenzi wa okestra nawapa Danse macabre ya Camille Saint-Saëns, ya 1874. Kinubi kinagonga noti moja mara kumi na mbili: saa sita usiku. Kisha fidla inaingia ikiwa imeharibiwa makusudi. Waya wake wa juu, ambao kwa kawaida ni E, umelegezwa nusu toni, ukipigwa pamoja na waya wa A pembeni yake unatoa ule mwachano wa toni tatu, yaani umbali kati ya noti hizo mbili, usiotulia sikioni. Baadaye marimba madogo ya mbao yanagongana kama mifupa, na mwishoni zumari inawika kama jogoo. Watoto hufurahi sana kumsubiri huyo jogoo.

Toccata ya Bach kwa kinanda cha kanisani siiweki. Ni kazi kubwa, lakini matangazo ya biashara yameitumia mno, na ikianza tu wageni huacha kusikiliza.

Kuhusu spika: punguzeni besi, zile sauti nzito za chini, kabla ya kupunguza sauti nzima. Besi ndiyo inayopenya ukuta hadi kwa jirani, na piano zote nilizotaja zinasikika vizuri bila hiyo. Iwekeni spika karibu na dirisha la mbele, kwa kiwango ambacho mtoto aliye kibarazani ataisikia na bado mtasikia kengele akiibonyeza.