Koo la Waskoti: safari za "hause", "craig" na "thrapple"

Ukilalamika kwamba koo linakuuma, mwenzio atataka kujua ni wapi hasa: kwenye koromeo, kwenye umio, au ni shingo tu iliyokaza? Sehemu hii ya mwili ni ndogo lakini imebeba mengi, na lugha nyingi huirundikia majina. Mimi hufuatilia majina ya koo katika Kiskoti, lugha ya Scotland iliyo ndugu wa Kiingereza, na lahaja za kaskazini mwa Uingereza. Wapo wanaoyaita Kiingereza kilichoharibika. Si kweli hata kidogo.

Chukua "hause", yaani shingo au koo. Kiingereza cha Kale kiliita shingo "heals". Waviking walioiteka York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, mwaka 866, na Wanorwe waliohamia Cumbria, kaskazini-magharibi, baadaye, walikuja na "háls" yao. Maneno hayo ni ndugu wa ukoo mmoja, kwa hiyo huko kaskazini yalikutana na kupeana nguvu. Kusini neno la zamani lilisukumwa kando na "neck", ambalo mwanzo lilikuwa na maana ya nyuma ya shingo tu. Kisha katika karne ya 15 Waskoti wakaimeza "l" iliyofuata "a": "all" ikawa "aw", "ball" ikawa "baw", na "hals" ikawa "hause". Mtulinga wakauita "hause-bane". Na ukipanda milima ya Cumbria utafika Esk Hause, pale njia inapopenya kati ya vilele. Wanorwe waliuona mlima nao una shingo.

"Craig" huwapoteza wengi. Kwa kuwa Kigaeli, lugha nyingine ya Scotland, kina "creag", yaani mwamba, watu hudhani koo la Waskoti limetoka huko. Hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu. "Craig" ya koo ilivuka bahari kutoka Flanders (Ubelgiji ya leo) na Uholanzi, ambako Waskoti walipeleka sufu na ngozi kwa karne nyingi. Mwaka 1541 mji wa Veere ukawa bandari yao rasmi upande ule. Leo Mholanzi akisema "kraag", na Mjerumani akisema "Kragen", wanakusudia kola ya nguo. Neno limehama kutoka kwenye shingo hadi kwenye kitambaa kinachoizunguka. Sisi tunalijua jambo hili: ukosi ni nyuma ya shingo, na ukosi wa shati ni kola. Kwa Waskoti neno lilibaki mwilini, tena likaingia ndani zaidi hadi kutaja njia ya chakula.

Linalonikosesha usingizi ni "thrapple", bomba la hewa. Northumberland na Yorkshire husema "thropple". Wataalamu hawajakubaliana juu ya asili yake, lakini mimi naegemea "throtbolla" ya Kiingereza cha Kale: "throt" ni koo, na "bolla" ni chombo cha mviringo. Ndilo lile fundo la koo linalopanda na kushuka mtu anapomeza. Mshairi Mwingereza Chaucer bado alikuwa nalo mwishoni mwa karne ya 14: katika hadithi yake ya msimamizi wa shamba, msaga nafaka anamkamata Alayn, kijana wa kaskazini, kwenye "throte-bolle". Sema "throtbolla" harakaharaka uone jinsi "t" inavyovutwa na midomo inayojiandaa kutamka "b". Si mbali kufika "p". Na ile "a" ya Kiskoti? Waskoti hubadilisha "o" hivyo wakikaribia "p": "top" kwao ni "tap", na "drop" ni "drap". Kwangu ushahidi huo una uzito.

"Weasand", yaani umio, au "wizzen" kwa Waskoti, halina utata mkubwa. Limetoka kwenye "wāsend" ya kale, na bado linatumika machinjioni: umio wa ng'ombe hufungwa mapema ili yaliyomo tumboni yasichafue nyama.

Nikitaka kuhakikisha neno fulani lilisemwa katika wilaya gani, hufungua kwanza kamusi ya lahaja ya Joseph Wright, juzuu sita zilizotoka kati ya 1898 na 1905. Alizaliwa Yorkshire mwaka 1855, akafanya kazi kiwandani tangu utotoni, na hakujua kusoma hadi alipofika miaka 15. Baadaye akawa profesa Oxford. Maneno mengi aliyoyapanga humo aliyajua kwa masikio kabla hajaweza kuyaandika.