Je, wajua kwa nini nesi naye anaandika utambuzi wake kwa mgonjwa wa kansa?

Kama umewahi kuuguza mtu wa kansa wodini utakuwa umeona hii, daktari kashaandika kila kitu kwenye faili, kansa ya titi, kemo (dawa za kuua seli za kansa) mzunguko wa pili, halafu anakuja nesi anaanza kuuliza upya, umelala? umekula? choo umepata lini? Na ndugu wengine wanakasirika kabisa, si mmeshaandika jana jamani. Ila pale nesi harudii kazi ya daktari.

Daktari anataja ugonjwa. Nesi anataja huo ugonjwa na dawa zake vinamfanya nini mtu huyu, leo, kitu ambacho yeye mwenyewe anaweza kukishughulikia kwenye shifti yake, na ndo unaitwa utambuzi wa kiuuguzi. Kwa hiyo wamama wawili vitanda vimepakana, kansa ileile dawa ileile, mmoja anaandikiwa maumivu makali na kukosa usingizi, mwenzie hana maumivu ila kichefuchefu kinamkondesha na tangu atolewe titi hataki hata mumewe amuone.

Manesi wa Marekani walianza kupanga majina ya pamoja ya shida hizi mwaka 1973 kwenye mkutano wao St. Louis, 1982 wakaunda chama cha NANDA, na orodha yao inatumika nchi nyingi. Unaandika shida, chanzo chake na dalili ulizoziona. Kwangu chanzo ndo roho ya jambo lote, maana "mgonjwa hali chakula" peke yake haisaidii mtu. Nesi anammulika mdomoni na tochi, akikuta vidonda vya kemo basi ni kusukutua na maji ya chumvi, mswaki laini, uji uliopoa, na dawa ya maumivu kabla ya kula. Ila mdomo ukiwa mzima na shida ni kichefuchefu, anahitaji dawa ya kuzuia kutapika mapema, na hapo hata umsukutue kutwa nzima hatakula.

Halafu kuna utambuzi wa kitu ambacho hata hakijatokea, na huu ndo unaookoa watu. Kemo inashambulia seli zinazogawanyika haraka, zikiwemo za kwenye uboho zinazotengeneza chembe nyeupe za damu, kwa dawa nyingi chembe hizo zinashuka sana kati ya siku ya 7 na 14 hivi baada ya dozi. Kipindi hicho mtu anaweza kuwa na maambukizi makali na usione usaha wala wekundu popote, dalili pekee ikawa homa. Nesi anaandika "hatari ya kupata maambukizi" mgonjwa akiwa amekaa anaongea vizuri tu, na kuanzia hapo joto linapimwa kila baada ya saa chache, mikono inanawishwa, mgeni mwenye mafua anarudishwa mlangoni (asinune, ni kwa ajili ya mgonjwa wake), na joto likifika 38 daktari anaitwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu antibiotiki inatakiwa iingie ndani ya saa moja.

Mofini, ile dawa ya maumivu makali, nayo ni hivyohivyo. Usingizi wake mwili unauzoea ndani ya siku chache, utumbo hauzoei, kwa hiyo hatari ya kufunga choo inaandikwa siku ileile dawa inapoanza na ya kulainisha choo inapewa pamoja nayo, hakuna kusubiri mtu akae wiki anateseka. Uganda walienda mbali zaidi, mwaka 2004 sheria iliruhusu manesi waliosomea tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa ugonjwa mzito) waandike mofini wenyewe, maana vijijini daktari wa kuandika alikuwa hapatikani.

Jina la kansa litabaki lilelile kwenye faili mwaka mzima, ila utambuzi wa nesi unapitiwa shifti hadi shifti, jana kichefuchefu, leo vidonda, kesho hofu ya kwenda nyumbani. Kwa hiyo akikuuliza mjibu ukweli, hata la choo, na kama umempa mgonjwa panadoli kimyakimya kwa sababu alikuwa na joto, mwambie, panadoli inashusha homa na maambukizi yanabaki palepale.