Hewa ya ndani hupimwaje?

Mkaa wangu ukishakolea hautoi moshi. Kuna haja ya kupima?

Ipo. Moshi una nafuu yake: unakuwasha macho, unatoka nje. Mkaa uliokolea hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, na wengi hudhani ni malaria. Mkiumwa kichwa nyote kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, msirudi ndani, nendeni hospitali. Hapo hakuna cha kungoja kipimo.

Nitumie kifaa gani?

Kengele ya kaboni monoksaidi, si ya moshi. Chagua yenye kioo cha namba. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri gesi hii isizidi miligramu 35 katika mita ya ujazo ya hewa kwa saa moja, au 10 kwa saa nane. Kwenye kioo, ambako husomwa kwa ppm (sehemu za gesi katika sehemu milioni za hewa), hizo ni kama 30 na 9. Kengele nyingi hazilii katika viwango hivyo vya chini, kwa hiyo ukimya wake si ushahidi kwamba hewa ni safi. Kihisio cha gesi ndani ya kengele pia huzeeka; soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma.

Mita yangu ndogo inasema fomaldehaidi imepanda. Nitoe makabati mapya?

Usiyatoe bado. Ni kweli gundi ya mbao za MDF, zile za nyuzi za mti zilizoshindiliwa, hutoa gesi hiyo inayowasha macho na koo, na kikomo cha WHO ni miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa nusu saa. Ila mita nyingi za bei nafuu hazibagui. Pulizia marashi karibu nayo, uone namba inavyoruka! Kipimo cha kuaminika huvuta hewa kupitia kijibomba chenye kemikali inayonasa fomaldehaidi, kisha kijibomba hicho hupelekwa maabara.

Niweke kipimo wapi?

Usawa wa pua ya mtu aliyekaa, mbali na dirisha, wala si juu ya jiko. Pima siku ya kawaida, maana watu wakijua kuna kipimo hufungua madirisha yote kama wanaongoja mgeni. Joto huzidisha fomaldehaidi, basi mchana wa kaskazi usiulinganishe na asubuhi ya Julai.