Huduma ya mkoba ni nini, na kwa nini chanjo nyingi za vijijini hupitia huko

Ukisikia mwenyekiti wa kitongoji akitangaza kwamba Alhamisi kutakuwa na mkoba pale shuleni, maana yake ni hii: muuguzi wa zahanati ataondoka kituoni asubuhi na chanjo, sindano, mizani na rejesta, atahudumia watu mahali mlipokubaliana, kisha atarudi jioni. Chanjo anayotoa ndiyo ileile ya zahanati, na inaandikwa kwenye kadi ileile. Tofauti ni kwamba siku hiyo anayetembea ni mhudumu, si mama mwenye mtoto mgongoni.

Watu huchanganya mkoba na kampeni. Kampeni huja kwa shabaha moja na kwa siku chache. Kwa mfano, Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio, mtoto wa Lilongwe, na mwezi uliofuata wachanjaji wa Tanzania walipita nyumba kwa nyumba Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma wakiwapa matone watoto wa chini ya miaka 5. Hiyo ni kampeni, ikiisha imeisha. Mkoba uko kwenye ratiba ya kituo mwaka mzima, kwa kawaida mara moja kwa mwezi kwa kila eneo, hasa yale yaliyo zaidi ya kilomita 5 kutoka zahanati. Kwa walio mbali zaidi, ambako kwenda na kurudi siku moja hakuwezekani, kuna kliniki tembezi, na timu hulala hukohuko. Kwa hiyo mkoba ni haki iliyopangwa, si hisani ya muuguzi mwenye moyo. Kijiji kinachojua hilo hukiuliza kituo ratiba yake bila woga.

Umuhimu wake ulionekana wazi wakati wa UVIKO-19. Shehena ya kwanza ya chanjo, zaidi ya dozi milioni 1 za Janssen, ilifika Tanzania Julai 2021 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo hizo. Tarehe 28 mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Siku chache baadaye uchanjaji ulianza katika vituo 550 nchi nzima, ukitanguliza watumishi wa afya, watu wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu. Mtu alitakiwa kujiandikisha, ikiwezekana kwa mtandao, kisha afike kituoni.

Kwa mkazi wa mjini mwenye simu janja utaratibu ule haukuwa na shida kubwa. Kwa bibi wa kijiji cha ndani, vituo 550 katika nchi yenye maelfu ya vijiji vilikuwa sawa na kumwambia asubiri. Uvumi nao ulikuwa umetangulia. Mtu mwenye wasiwasi hapandi bodaboda kwa nauli ya kwenda na kurudi ili akachanjwe kitu anachokiogopa. Lakini mtu huyohuyo akimkuta muuguzi anayemfahamu, aliyemzalisha binti yake, ameketi chini ya mwembe karibu na nyumbani, atasogea na kuuliza. Mazungumzo yale yalikuwa na uzito kuliko bango lolote. Mwishoni mwa 2021 Wizara ya Afya ilikuja na Mpango Shirikishi na Harakishi, ambao kwa kiasi kikubwa ulikuwa ni kutoka nje ya vituo: kwenda sokoni, minadani, stendi, misikitini na makanisani, hata majumbani. Nchi iliyoanza mwaka 2022 ikiwa miongoni mwa zilizo nyuma kabisa barani Afrika ikawa miongoni mwa zilizopiga hatua kubwa.

Ugumu mkubwa wa mkoba ni baridi. Chanjo nyingi zinapaswa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, tangu bohari hadi dakika ya kuchomwa. Zahanati ina friji, mara nyingi ya sola au ya gesi. Njiani kuna kibebeo tu, kile kiboksi cha plastiki nene chenye mkanda wa begani, na pakiti za barafu ndani yake. Wengi hudhani barafu ikiwa kali zaidi ndiyo bora. Sivyo. Matone ya polio huharibiwa na joto, lakini chanjo ya pentavalenti, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda na mengine, huharibika ikiganda. Ndiyo maana muuguzi hutoa pakiti kwenye friza na kuziacha nje kwanza mpaka zianze kutoka jasho na, akizitikisa, asikie maji yakicheza ndani. Ukimwona asubuhi amesimama na pakiti sikioni, ujue anailinda chanjo ya mwanao.

Hata kichupa chenyewe hutoa ushahidi. Kwenye vichupa vingi vya chanjo za watoto kuna alama ndogo ya duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu chanjo. Joto likizidi, mraba hukolea polepole, na ukishafanana rangi na duara au kuupita weusi wake, kichupa kinatupwa. Mzazi ana ruhusa ya kuomba aonyeshwe alama hiyo, na muuguzi anayejiamini atafurahi kuulizwa.

Baridi ndiyo iliyoamua pia ni chanjo ipi ya UVIKO iende kijijini. Pfizer ilihitaji mafriza ya takriban nyuzi 70 chini ya sifuri kwa kuhifadhiwa muda mrefu. Janssen ilikaa kwenye friji ya kawaida, na ilitosha dozi moja. Kwa mkoba, dozi moja ni jambo kubwa mno. Sinopharm nayo ilivumilia friji ya kawaida, lakini ilihitaji dozi mbili zilizopishana wiki tatu hadi nne, na kijiji ambacho mvua ilikata barabara katikati ya dozi hizo kilibaki na watu wenye nusu ya chanjo.

Liko suala jingine ambalo wananchi hulalamikia bila kuelezwa sababu yake. Kichupa cha surua-rubela kwa kawaida kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake lazima kitumike ndani ya saa 6, kinachobaki kinamwagwa. Basi akija mtoto mmoja tu, baadhi ya wahudumu husita kukifungua na kumwambia mama arudi siku nyingine. Shirika la Afya Duniani linahimiza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na mimi naona hakuna hoja ya kuweka dozi 9 juu ya mtoto aliyekwisha kufika. Mama aliyetembea saa mbili na kurudishwa, mwezi ujao haji.

Mkoba hufaulu au hukwama kwenye tangazo. Muuguzi hupanga siku, mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji huipeleka kwa watu, mabalozi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hupita nyumba zenye watoto waliochelewa. Siku ikibadilishwa bila taarifa mara mbili, watu huacha kuja. Siku yenyewe nayo ichaguliwe kwa kufuata maisha ya watu. Kwa wafugaji, siku ya mnada. Katika kambi za wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria, kazi hufanyika usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi ndizo watu wako nchi kavu. Pale ambapo malipo ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hutolewa mkononi, kaya zenye uhitaji zaidi hukusanyika mahali pamoja, na kuwapelekea chanjo hapohapo kungekuwa busara.

Kinachoukwamisha mara nyingi ni kidogo kwa macho ya bajeti: lita kadhaa za mafuta ya pikipiki, posho ya siku, au zahanati yenye wahudumu wawili ambapo mmoja akitoka na mwingine akiugua, kituo kinafungwa. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola milioni 567 kwa Tanzania, zile zilizojulikana kama fedha za UVIKO, shilingi trilioni 1.3. Sehemu kubwa ilionekana kwa macho katika madarasa 15,000, na vyumba vile vilihitajika kweli. Mafuta ya pikipiki ya mkoba hayazinduliwi kwa utepe, kwa hiyo ni rahisi kuyasahau, na bila hayo chanjo inabaki kwenye friji nzuri ya sola huku watoto wakiwa kilomita 12 kutoka hapo.

Siku ya mkoba ikifika, njoo na kadi. Kama imepotea, sema, rejesta ya kituo ina kumbukumbu. Baada ya sindano subiri angalau dakika 15 kabla ya kuondoka, kwa sababu mzio mkali, ingawa ni nadra, huanza mapema. Homa ndogo au maumivu pale palipochomwa ni maudhi ya kawaida na huisha kwa siku moja au mbili. Yakizidi, mpeleke mtoto kituoni na umtaarifu mhudumu.

Ukikosa mkoba wa mwezi huu, usingoje ujao kama unaweza kufika zahanati. Mtoto aliyepitwa na pentavalenti ya wiki ya 6, ya 10 au ya 14, au surua-rubela ya miezi 9 au 18, haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia, na mzazi wake hapaswi kukaripiwa kwa kuchelewa.