Jicho la Mezani kwa Wanaojifunza Kupima Macho

Wanafunzi wa optometria wanaofika kwangu hapa Lamu kwa mafunzo ya kazini huja na elimu nzuri ya darasani. Wanaweza kuchora njia ya mwanga kutoka konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, hadi retina, utando wa nyuma unaopokea picha, wanajua kwa nini jicho lililorefuka kupita kiasi halioni mbali, na wakiulizwa hesabu za lenzi hujibu bila kusita. Mambo huwa magumu wanapopewa retinoskopu, chombo kama tochi ndogo cha kupimia macho, na kuketishwa mbele ya mgonjwa. Kwa maoni yangu, sababu yake si uzito wa akili wala uvivu, bali ni kwamba jicho la binadamu halimwambii mpimaji kama amepata au amekosa. Mgonjwa mwenyewe halijui jibu, na ndilo lililomleta. Mwalimu akipima baada ya mwanafunzi na wakatofautiana kwa dayopta moja (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), mwanafunzi hulipokea jibu la mwalimu kwa heshima, lakini haoni ni wapi alipotelezea.

Kwa hiyo nashikilia kwamba kifaa bora cha kujifunzia ni kile ambacho jibu lake linajulikana kabla ya kupima, na ambacho mwanafunzi anaweza kukirudia peke yake kadiri apendavyo bila kumchosha mtu. Sharti hilo likitimia, kifaa kilichotengenezwa kwa bomba la maji, kama jicho la mezani, yaani jicho la bandia la mazoezi nitakalolieleza hapa, chaweza kufunza sawa na kilichoagizwa kutoka ng'ambo kwa bei kubwa, na sharti hilo lisipotimia, hata kifaa cha bei kubwa ni pambo la kabati.

Nitaanza na retinoskopu, kwa sababu ndicho chombo ninachokithamini kuliko vyote. Ziko mashine za kompyuta zinazopima macho kwa sekunde chache, nami sizidharau, lakini mtoto akichungulia ndani ya mashine hukaza macho na kuonekana kama haoni mbali ilhali anaona. Aidha, mashine hizo zinahitaji umeme na meza imara. Tunapokwenda Faza, Kizingitini au Kiunga kwa mashua, chombo kinachoingia mfukoni na kutumia betri ndicho kitakachotufaa, na mtoto wa miaka mitatu asiyejua herufi hupimwa kwacho sawasawa na mtu mzima.

Kazi yenyewe ni hii. Mpimaji huketi sentimita 67 kutoka kwa anayepimwa, akaupitisha mstari wa mwanga juu ya mboni, huku akitazama mng'ao mwekundu unaorudi kutoka kwenye retina. Mng'ao ukienda upande uleule unakokwenda mstari, tunasema unafuata, na huongezwa lenzi za plasi (+), zinazokusanya mwanga. Ukienda upande wa pili, tunasema unapinga, na huwekwa za mainasi (-), zinazoutawanya. Lenzi sahihi ikifikiwa, mwendo hutoweka, na mboni nzima huwaka na kuzima kwa pamoja. Hapo mpimaji huondoa dayopta 1.50, ambayo ndiyo thamani ya umbali ule wa sentimita 67. Ikiwa mwendo umetoweka kwa lenzi ya +3.50, basi jicho linahitaji +2.00. Maelezo ni mepesi, lakini kuutambua mng'ao hafifu unaokwenda polepole, na kuutofautisha na ule uliokaribia kutulia, ni kazi ya jicho na mkono, na haipatikani kwa kusoma.

Jicho la mezani tunalitengeneza kwa mabomba mawili ya plastiki kutoka hadiwea, moja likiingia ndani ya jingine kwa kubana kidogo ili liteleze bila kulegea. Ndani hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Mbele ya bomba la nje hubandikwa lenzi ya +20.00 kutoka kwenye kasha la lenzi za kujaribia, na juu yake kadi nyeusi yenye tundu, ambalo ndilo mboni. Mwisho wa bomba la ndani huwekwa karatasi ya rangi ya chungwa iliyokolea, ambayo ndiyo retina. Karatasi hiyo isiwe ya kung'aa, kwani karatasi inayong'aa hurudisha mwanga kama kioo, na mwanafunzi hujikuta anaufuatilia mwako usio na maana.

Lenzi ya +20.00 hukusanya mwanga wa mbali katika umbali wa milimita 50, kwa hiyo mtu angedhani kwamba inatosha kuchukua rula na kutia alama ya sifuri hapo. Haitoshi, kwa sababu lenzi hiyo ni nene na vipimo vyake huhesabiwa kutoka ndani ya kioo, wala si kutoka ukingoni. Sisi huiondoa ile karatasi ya chungwa, tukaweka mahali pake karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, kisha tukaenda ukingoni mwa bahari na kulielekeza bomba upande wa Manda. Mwanafunzi hulisogeza bomba la ndani polepole huku akitazama karatasi kwa nyuma, mpaka mikoko ya ng'ambo na jahazi lililotia nanga mkondoni vionekane vimepinduka juu chini, vikiwa vidogo na vikali, kila kamba ya mlingoti ikionekana peke yake. Hapo ndipo sifuri, yaani jicho lisilohitaji miwani. Napenda kila mwanafunzi alifanye zoezi hili kwa mkono wake, kwa kuwa wengi wao ndio kwanza waone kwa macho yao kwamba picha kwenye retina imepinduka, jambo ambalo wamelijibu katika mitihani tangu sekondari.

Kutoka sifuri, bomba likifupishwa, jicho huhitaji plasi, na likirefushwa, huhitaji mainasi. Alama zake hazipangiki kwa nafasi sawa, na hili nalitilia mkazo. Kufupisha kwa milimita 10 hulifanya jicho lihitaji +5.00, lakini ili lihitaji -5.00 ni lazima lirefushwe kwa karibu milimita 17. Karibu na sifuri, dayopta moja ni kama milimita mbili na nusu. Katika jicho la mtu aliye hai, ambalo nguvu yake ni takriban dayopta 60, milimita moja tu ya urefu hubadilisha kipimo kwa karibu dayopta tatu. Mwanafunzi aliyezikokotoa alama hizi mwenyewe huelewa kwa nini jicho la mtoto likirefuka kidogo sana miwani yake hubadilika sana.

Mazoezi yenyewe hufanywa na wawili wawili. Mmoja hulisogeza bomba na kuifunika alama kwa kipande cha karatasi, mwingine hupima, akaandika jibu kwa kalamu, ndipo wakafunua. Kuandika kabla ya kufunua ni sheria ambayo siilegezi, kwa sababu asiyeandika hujidanganya kwamba alikuwa anakaribia kulisema jibu lilelile. Mwanzoni hutumia tundu la milimita 8, kisha la milimita 4, na mwishowe la milimita 2, ambalo linafanana na mboni ya mzee. Tundu kubwa linampa mwanafunzi mwanga mwingi, lakini pia linamfunza tahadhari: mng'ao wa ukingoni unaweza kwenda tofauti na wa katikati, na anayeufuata wa ukingoni hutoka na jibu lisilo sahihi. Atazame katikati.

Akishatulia, naingiza silinda, yaani lenzi yenye nguvu upande mmoja tu, bila kumwambia. Nikitanguliza mbele ya bomba silinda ya +2.00 yenye mhimili wa 180, yaani uliolala, jicho lile hugeuka kuwa lenye astigmatizimu, lisilo na nguvu sawa pande zote, na dawa yake ni silinda ya -2.00 katika mhimili uleule. Mwanafunzi huona mstari wa ndani ya mboni ukivunjika, hauungani tena na ule wa nje mpaka auzungushe mwanga wake ulingane na mhimili. Dalili hiyo ya kuvunjika kwa mstari huielezi ukaeleweka kwa maneno matupu. Nimewahi kumwona msichana mmoja akiuzungusha mwanga huku na huku kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umenyooka, mwalimu," na kuanzia siku ile hakuhitaji tena nimwongoze kuitafuta mihimili.

Jicho hilohilo hutumika kwa oftalmoskopu, chombo cha kutazamia ndani ya jicho. Mahali pa karatasi ya chungwa huwekwa picha ya retina iliyochapishwa, na hapa ukubwa wa picha una maana. Kwa kuwa bomba letu lina milimita 50 na jicho la kweli huhesabiwa kama lenye milimita 17, diski ya neva ya macho (pale neva inapotokea jichoni), ambayo kwa kweli ina kipenyo cha kati ya milimita moja na nusu na mbili hivi, ichapwe kwa takriban milimita 5 ili ionekane kwa ukubwa uleule atakaouona kwa mgonjwa. Mwanafunzi hupima jicho la kulia kwa jicho lake la kulia na mkono wa kulia, akakaribia kutoka pembeni, akaufuata mshipa wowote wa damu unaozidi kunenepa mpaka umfikishe kwenye diski. Asiniambie tu kwamba ameiona. Achore, na aandike kishimo cha katikati kimechukua sehemu gani ya diski nzima, kwa sababu presha ya jicho hujificha hapo miaka mingi kabla mgonjwa hajalalamika.

Vifaa vingine nitavitaja kwa ufupi. Katika zoezi la kuziba na kufunua jicho ili kutambua makengeza, prizimu (kioo cha umbo la kabari kinachopinda mwanga) yenye kitako upande wa nje ikiwekwa mbele ya mwanafunzi mwenye macho yaliyonyooka humfanya aonekane kama mwenye macho yanayoelekea nje, nasi tunakijua kiasi chake kwa sababu kimeandikwa kwenye prizimu. Kuondoa kipande cha chuma kwenye konea tunajifunza kwa macho ya mbuzi kutoka kwa muuza nyama, yakiwa bado yana unyevu. Kwa ubao wa herufi, chumba kisichofika mita 6 hutumiwa kioo kwenye mita 3, na herufi za mstari wa 6/6, ule anaousoma mwenye macho mazuri kutoka mita 6, ziwe na kimo cha karibu milimita 8.7, nakala zilizochapishwa ovyo mara nyingi hazina kimo hicho, basi zipimwe kwa rula kabla ya kubandikwa.

Lipo jambo ambalo bomba halilifunzi. Bomba halipepesi, halichoki, wala halikuangalii usoni. Mwanafunzi mmoja hodari sana mezani aliketi mbele ya mzee mvuvi, akawasha mwanga moja kwa moja bila neno. Mzee akageuza uso. Nilimwomba aanze upya. "Shikamoo, babu," akasema. "Nitakumulika kidogo. Wewe itazame ile herufi kubwa ukutani, usiutazame mwanga." Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu. Haya, lakini usinikawize, maji yajaa." Macho yakatulia, kwa sababu sasa alijua atazame wapi, na anayetazama mbali hakazi macho. Salamu na maelezo ni sehemu ya kipimo. Vivyo hivyo kwa mama aliyevaa ukaya au nikabu: oftalmoskopu humleta mpimaji karibu mno na uso, kwa hiyo aombe ruhusa, aeleze atakachofanya kabla ya kusogea, na akipatikana mpimaji wa kike apewe nafasi ya kwanza. Mambo haya tunayafanyia mazoezi wenyewe kwa wenyewe, mmoja akiwa mgonjwa, kwa Kiswahili, kwani wanafunzi wamesomeshwa kwa Kiingereza na wengine hukwama wanapotakiwa kumweleza bibi kizee maana ya mtoto wa jicho.

Mtoto wa jicho pia huufifisha mng'ao, na mboni za wazee ni ndogo, kwa hiyo namruhusu mwanafunzi asogee hadi sentimita 50, mradi akumbuke kuondoa dayopta 2.00 badala ya 1.50. Kosa la kusogea bila kubadili hesabu ni la kawaida mno. Dawa yake ni kamba iliyofungwa kwenye retinoskopu, yenye fundo la sentimita 67 na jingine la sentimita 50, ambayo mwanafunzi huinyoosha hadi kwenye fremu ya kujaribia kabla hajaandika chochote.

Mwisho ni utunzaji. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevunyevu, nayo hushambulia betri na kuotesha ukungu kwenye lenzi. Betri zitolewe kila jioni. Lenzi zifutwe kwa pamba safi, zihifadhiwe kwenye kasha linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Lile bomba lilazwe bila karatasi ya retina, kwa sababu karatasi ikinywa unyevu hujikunja, sifuri yake ikahama, na zoezi la kesho likaanza kwa jibu lisilo la kweli.