Seli za neva zinazooteshwa maabara

Seli shina za kiinitete ni zipi?

Siku ya tano hivi baada ya yai kurutubishwa, kiinitete huwa kitufe chenye seli mia moja na ushee, kisichozidi nukta ya kalamu. Ndani yake kuna fungu la seli ambazo bado hazijapangiwa kazi: zinaweza kuwa moyo, ngozi, mfupa au ubongo. Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliweza kuziotesha seli hizo za binadamu kwenye sahani za maabara. Viinitete vilitolewa kwa hiari na wenzi waliokuwa wakitafuta mtoto kwa njia ya kurutubisha yai nje ya mwili.

Zinageuzwaje kuwa neva?

Wengi hudhani ipo dawa ya kuzisukuma ziwe ubongo. Kumbe ni kuzizuia tu zisiwe kitu kingine. Mwilini, seli hizi hupokea ishara za kemikali za kuwa ngozi, misuli na kadhalika. Ishara hizo zikizimwa, seli zenyewe hushika njia ya neva. Mwaka 2009 maabara ya Lorenz Studer, New York, ilionyesha kwamba kuzima njia mbili za ishara kunatosha kugeuza zaidi ya asilimia 80 ya seli.

Ugumu unaanzia hapo. Neva ya uti wa mgongo si ya ubongo wa kati, kwa hiyo huongezwa kemikali nyingine kwa kipimo chake na siku yake. Ukikosea siku, unavuna neva usizozitaka. Muda wote huo sahani zinakaa kwenye joto la nyuzi 37, na maji ya chakula hubadilishwa mara kwa mara, hata sikukuu.

Utajuaje ni neva kweli?

Huchipua mikia mirefu, na zikipimwa zinatoa mipigo ya umeme. Sura peke yake haitoshi.

Kuna aliyepandikizwa?

Ndiyo. Katika ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea vizuri, hufa. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 12 wa Marekani na Kanada waliopandikizwa ubongoni seli zilizotokana na seli shina za kiinitete. Kwa miezi 18 hazikuwaletea madhara makubwa. Lakini 12 ni wachache, na jaribio lilipima usalama kwanza. Hofu kubwa ya watafiti ni seli ambayo haikugeuka: ikiingia mwilini inaweza kuota uvimbe.

Na ule unga wa "seli shina" unaouzwa mitaani?

Seli hai inayohitaji joto na chakula kila mara haiwezi kukaa koponi kwa miezi. Hata ingekuwamo, tumbo lingeimeng'enya kama nyama ya mchuzi. Mzee wako anayetumia levodopa, dawa ya Parkinson, asiiache kwa ajili ya unga huo.